Swali la Profesa Kessels

Utrecht, Novemba 14

Kwa dada yangu mpendwa Hiltje,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji Doeke ameacha kupanda ngazi kusafisha paa kama kijana. Mimi sijambo kabisa. Mvua haitaki kutuacha na baiskeli yangu imeibwa tena, lakini hayo hayanisumbui, maana wiki hii nina fahari ya kujaza nyumba nzima. Nivumilie nijisifu.

Unakumbuka Mama alifariki akiamini nafanya kazi hospitalini. Kila nilipomweleza kwamba eksirei ninazozishughulikia zinatoka angani, aliitikia vizuri, kisha akawaambia majirani nawapiga picha waliovunjika mifupa. Wewe ulielewa. Ulielewa kwamba miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo darubini zetu lazima zirushwe juu ya hewa, na mtu anaweza kuumalizia ujana wake kwenye moja tu. Yangu ya kwanza ilitumbukia baharini pamoja na roketi yake. Nilikuja kwako Sneek, ukanilisha supu ya njegere, ukaniambia nikishamaliza kulia nirudi kazini. Nikarudi.

Ya pili ilifika, na ndiyo iliyonipa jina. Katikati ya makundi mawili ya galaksi nilikuta mwanga hafifu wa eksirei, nikasema ni gesi ya moto inayoyaunganisha. Nimeandika juu yake, nimeufundisha, nimealikwa kuuzungumzia hadi Japani. Nawe kila aliyeingia dukani kwako kununua jibini aliondoka na habari zake, apende asipende.

Sasa kuna Noortje, mwanafunzi wangu wa uzamivu. Ni binti wa dereva wa lori kutoka Zeeland, mkaidi ajabu, anakula mkate wa punje za chokoleti juu ya karatasi zangu. Nilimpa mwanga wangu aupime upya kwa darubini mpya. Akakuta unapanda na kushuka. Gesi kubwa kiasi kile, dada, haibadiliki kwa wiki moja, wala kwa miaka elfu. Akalinganisha na upepo unaovuma kutoka kwenye jua letu. Jua likivuma kwa nguvu, mwanga unaongezeka. Likitulia, unapungua. Maana yake nilichokiona hakikuwa mbali kule hata kidogo. Ulikuwa upepo wa jua ukigusa hewa ya juu ya dunia, hapa hapa mlangoni petu.

Nilizikagua hesabu zake nikitafuta kosa, tena kwa hamu. Sikulipata. Kilichoniudhi ni kwamba jambo lenyewe alilificha mwishoni mwa tasnifu, kwa maneno laini hivi kwamba msomaji angelipita bila kujua nini kimekufa. Nikamwambia alilete mbele. Akakataa. Alisema, "Profesa, wewe ndiye umenilea kwenye kazi hii. Mimi siwezi kukuzika mbele za watu." Nikamjibu kwamba mwanasayansi anayeficha alichokiona kwa sababu ya mapenzi, afadhali akauze jibini. Unisamehe, nilikuwa na hasira. Hakubadilisha hata nukta.

Alhamisi akasimama kuitetea tasnifu yake. Sisi maprofesa tulikaa ndani ya majoho yetu meusi, wazazi wake mstari wa mbele, baba yake akihangaika na tai. Alijibu vizuri mno. Muda ulipokaribia kwisha, zamu ikawa ya Profesa Kessels, ambaye tumekuwa tukigombana naye tangu ujana wetu. Akamuuliza waziwazi kama ule mwanga maarufu wa profesa wake upo au haupo. Noortje akanitazama. Mimi nikatazama dari, kwa sababu ningemtazama angesoma kitu usoni mwangu na kingemponza.

Akaanza kusema kwamba, kwa maoni yake, ule mwanga... Hapo mlango ukafunguka, mzee wa itifaki akaingia na fimbo yake, akaigonga sakafuni na kutangaza kwamba saa imetimia. Desturi yetu ni kwamba fimbo ikigonga, mtahiniwa ananyamaza hata kama neno limefika nusu mdomoni, na hakuna wa kumlaumu. Angeweza kukaa kimya akaondoka na shahada yake salama.

Hakukaa kimya. Alimgeukia yule mzee, akamwomba radhi, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi nyuma, "Haupo. Profesa wangu alikosea."

Mzee akagonga tena, amekasirika. Watu wakacheka. Nami nikasimama nikapiga makofi peke yangu, jambo ambalo profesa mwenye joho hafanyi. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, hata siku ile darubini yangu ilipofika salama angani.

Sasa nikwambie jambo ambalo Noortje halijui, na tafadhali lisitoke hapo dukani. Swali lile lilitoka kwangu. Wiki moja kabla nilimpigia simu Kessels nikamwomba aliulize. Alicheka kwanza, akataka kujua kama nina homa. Kisha akasema miaka yote ametamani kunipiga pigo hilo, na sasa nimemnyima raha yake kwa kumwomba. Pale ukumbini nilikuwa na hofu, dada, nakuambia kweli. Jina langu sikuliwaza. Niliogopa kwamba binti yule atanyamaza kwa ajili yangu, na kwamba nitakuwa nimemfundisha kila kitu isipokuwa kazi yenyewe.

Basi wateja wakikuuliza habari zangu, usiwafiche. Waambie mdogo wako alikosea kwa miaka mingi, na aliyemsahihisha ni mwanafunzi aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na watoto, na yeyote anayenikumbuka. Krismasi nitakuja na Noortje. Tuandalie mkate wa sukari, na mbele ya watu mwite Daktari. Mimi niite upendavyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Froukje