Gari Ulilolitia Kalafati

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mtoto uliyemlea wewe hawezi kuanza maneno bila salamu, hata kama anayesalimiwa amelala kaburini na hana haja tena na habari za dunia. Ni mimi Mishi, bintiyo, yule uliyekuwa ukisema ulimi wake hauna breki. Nimekuja na habari za gari lako, na nakuomba usikasirike mpaka nimalize.

Kwanza nyumbani. Mama hajambo. Ametoka eda salama, ameshatia hina, anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake. Bakari yuko pale pale Ukunda na banda lake la kutengeneza simu, na Kiswahili chake kinazidi kuharibika, siku hizi mimi dada yake ananiita "siz". Mimi bado niko na mashuka ya hoteli kule Diani, wageni wanabadilika, mashuka ni yale yale. Tunakukumbuka, Baba. Siku nyingine mtu akikohoa nje, nageuka kutazama mlangoni kabla sijakumbuka. Hilo nalisema mara moja tu, maana ungeniona nalia ungeniambia niende nikapike.

Sasa gari. Ulipotutoka, ufunguo nilipewa mimi, kwa kuwa Bakari anaendesha kama anafukuzwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Mama hospitali kwa ajili ya goti lake, na Shimoni kumwona mama mdogo Riziki. Gari jingine Mama hakutaka hata kulisikia. Bakari alimletea teksi ya rafiki yake, safi, ina kiyoyozi. Mama akaitazama kutoka kibarazani akasema, "Mimi gari langu ninalo." Basi tukaendelea na stesheni wagoni yako ya buluu, Mama mbele, wanangu wawili nyuma, na mimi nashindana na usukani unaovuta kushoto.

Siku moja tumeshapita Ramisi, tunaelekea Shimoni, nikaingia shimo ambalo wewe ungelikwepa umefumba macho. Chini ya miguu yetu kitu kikalia, kraa. Tukafika, nikashukuru Mungu. Lakini tangu hapo mlango wa Mama haukufunga mpaka uuinue kwa mikono miwili, na kioo cha mbele kikapasuka chenyewe kuanzia pembeni, na hakuna mtu aliyekirushia jiwe.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Bakari akasema liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Nikamwambia hana haya, gari hilo ndilo lililomsomesha. Mama akasema litengenezwe, na lisipotengenezwa yeye hatoki tena nyumbani, mama mdogo akitaka kumwona aje yeye. Na Mama unamjua, akisema hatoki, hatoki. Mimi nilitaka litengenezwe kuliko wote. Ilikuwa nikikaa kwenye kile kiti, mgongo wangu unaingia penye bonde ulilolifanya wewe, na kwa nusu saa nahisi sijafiwa.

Tukalipeleka Ukunda kwa Fundi Mutua, yule Mkamba anayenyoosha bodi, mtu wa kanisa, mpole. Alimwamkia Mama vizuri, akazunguka gari anagonga gonga kwa mpini wa bisibisi. Mahali pengine panalia ko, ko. Mahali pengine panasema pu. Akatoa mazulia, akatoa ule mkeka uliokuwa umetandikwa chini yake, akainama. Nikamwona anavuta kitu sakafuni, anavuta, anavuta, kama anayefumua shati. Ilikuwa pamba. Akainusa, akakunja uso, akaniuliza ni nini. Sikuhitaji kuishika. Ile harufu ya mafuta ya papa ndiyo harufu ya nguo zako zote za kazi, utoto wangu mzima.

Baba, ulilitia gari kalafati.

Nilicheka mpaka nikakalia tairi. Nikamweleza Mutua kuwa marehemu alikuwa fundi wa mashua Shimoni, na mashua ikivuja unaziba mianya kwa pamba iliyochovywa mafuta ya papa, ndiyo kalafati yenyewe, na bila shaka alipoona sakafu ya gari inapitisha maji alifanya anachokijua. Mutua akakwangua rangi kwa ukucha. Nikamwambia hiyo nayo ni ya mashua, kila mwaka kabla ya Idi ulikuwa ukipaka mkono mwingine juu ya ule wa zamani, na ukiulizwa unasema, "Iliyozuia bahari itashindwa na mvua?" Tulikuwa na gari linalong'aa kuliko magari yote ya Msambweni, na sisi watoto tulitembea kifua mbele.

Mutua hakucheka sana. Alisema mbao ikinywa maji huvimba, ikajiziba yenyewe, lakini bati halifanyi hivyo. Nilipomwambia miaka yote ulilibebea samaki wa watu, barafu inayeyuka nyuma, akasema maji ya chumvi yaliingia chini, kisha ile pamba na ile rangi vikayafungia humo humo. Kutu ikala ndani kwa ndani, huku nje tunasifiwa.

Akaomba Mama ashuke ili alitie jeki. Mama akakataa, goti linamuuma, na isitoshe akasema, "Inua tu baba, mimi si mzito." Mutua akaweka jeki mahali pa kwanza, ikazama ndani ya chuma kama kwenye muhogo uliochemshwa. Akatafuta mahali pengine, akainua kidogo tu, kidogo sana. Gari likapinda katikati. Nililiona kwa macho yangu, Baba, milango yote ikajibana. Mutua akateremsha haraka, mlango wa Mama ukakataa katakata kufunguka. Mama akatambaa mpaka upande wa dereva, buibui likanasa kwenye gia, mafundi wote wamegeuza nyuso kwa heshima huku mabega yanawatikisika. Aliposhuka akajikung'uta akasema, "Mume wangu alinipenda, lakini si kwa kunifungia." Hapo hata Mutua alicheka.

Kisha akatuambia ukweli. Gari la aina hii halina fremu nyingine chini, bodi yenyewe ndiyo mgongo wake. Anaweza kukata, kuchomelea bati jipya sakafuni na ubavuni, akapiga rangi, tukaondoka nalo. "Litatembea," alisema. "Lakini likigongwa ubavuni litakunjika na nyinyi mko ndani. Kazi nitaifanya mkitaka. Watoto wangu mimi nisingewapakia humo."

Mama akauliza, "Mkuku wake umeoza?" Mutua wa watu, kwao ni Machakos, hakulijua neno. Nikamweleza kwamba mkuku ni ule mti mrefu wa chini ambao mashua nzima imejengwa juu yake. Akamjibu Mama kwa adabu, "Ndiyo, mama. Umeoza."

Nilikuona pale pale, Baba. Nilimwona na yule mzee wa Funzi aliyekuletea mashua ya babu yake. Nilikuwa Shimoni kwa mama mdogo, nimekuletea chakula, bado nasoma shule ya msingi. Uliingiza kisu kwenye mkuku kikazama chote. Yule mzee akakubembeleza, akalia, akasema mashua ile ndiyo nyumba yao. Wewe ukamwambia, "Mbao zote nitakubadilishia, na mataruma, mbavu zake zote, nitakubadilishia. Mkuku ukioza sikudanganyi. Utazama na wanao, na mimi nitaulizwa." Mzee akaondoka amenuna, na wewe chakula changu hukukigusa. Ukanituma nikawape paka.

Nikakukasirikia. Ndiyo, nasema wazi, nilikukasirikia nimesimama kwenye gereji ya watu. Pwani yote uliiambia ukweli, gari lako mwenyewe ukalipaka rangi. Halafu hasira ikaisha, kwa sababu na mimi nilikuwa nimekuja pale kutafuta mtu wa kunidanganya. Laiti Mutua angesema litapona, ningelichukua na kumpakia Mama na wanangu, na ningefurahi.

Mama akanigeukia. "Ufunguo unao wewe. Sema." Bakari alikuwa amefika, amesimama kando, safari hii hakusema vyuma wala chakavu. Nikasema, "Lisitengenezwe." Neno moja tu, nikalia mbele ya mafundi wote kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Bakari akanishika bega. Naye macho yake hayakuwa makavu, lakini usimwambie nimekwambia.

Hatukuliacha liende hivi hivi. Mama alisema chombo kilichokula na sisi hakitupwi bila watu kula. Akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akawaita majirani, na gari limeegeshwa uani limeoshwa. Ungewasikia. Kila mmoja ana lake. Jirani yetu Mwanasiti alisimulia alivyojifungulia kiti cha nyuma mlipokuwa mnakimbilia hospitali, na wewe unaendesha huku unamsomea dua kwa sauti ya kuwatisha ng'ombe. Kijana mwenyewe aliyezaliwa humo yupo, ana ndevu, akaomba usukani akautundike kwake. Nikampa. Injini Mutua alisema ni nzima kabisa, ikachukuliwa na bwana mmoja wa Kinango anayebeba mbuzi. Kwa hiyo injini yako bado inafanya kazi, ila sasa inasikiliza mbuzi badala yako, na naamini haioni tofauti kubwa.

Mimi na Bakari tukachanga tukanunua kigari kidogo cheupe, mtumba, Mutua amelala chini yake mpaka akaridhika. Jumapili iliyopita nikamwambia Mama twende Shimoni. Nilijua atakataa. Alisimama pale uani, akakitazama, akasema bismillahi, akaingia.

Hatujafika Ramisi, akalala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma, Baba, mpaka wanangu wakaanza kucheka kule nyuma. Nikashangaa, kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kumwona Mama akilala garini. Tulipofika nikamwuliza. Akapangusa macho, akasema, "Lile la baba yako ningelalaje? Miaka yote nilikuwa nimekanyaga sakafu kwa miguu miwili. Nilikuwa nalisikia." Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema, "Ungemwona uso wake akilipaka rangi, na wewe usingesema."

Ndiyo habari niliyokujia nayo. Nenda na radhi zetu, Baba, Mungu akulaze pema, na kaburi lako liwe na nafasi kuliko kile kiti cha nyuma. Ahadi yangu ni hii: Mama nitampeleka kila anapotaka kwenda, kwa kitu ambacho anaweza kulala ndani yake. Kwa sasa yuko kwa mama mdogo, amekataa kurudi kabla ya Ijumaa.

Bintiyo,
Mishi