Ile Isiyo na Kitako

Papa Mulongo,

Tangu tukuzike, atelye yetu ya kuchomea chuma hapa bandarini Kalemie ingali imesimama, ingawa wateja wanasema milango yangu inafungwa kwa maombi. Ungecheka. Mimi ni yule yule "vidole vya ndizi" uliyemfundisha kambini, enzi zile tukitengeneza silaha za jeshi.

Unakumbuka ulivyotufunga macho, ukatupatia bunduki ya rashasha, MAG, tuipapase, tuseme ni ya namna gani? "Shika matako yake, mujinga! Bunduki ni kama muntu, kazi yake utaijulia nyuma." Yenye kitako cha mbao, ya askari wa miguu. Yenye kifuniko tu, ya ndani ya kifaru. Isiyo na kitako, yenye mishikio miwili, ya kusimikwa juu ya gari, ndege ao boti. Mimi siku moja nikajibu, "Pampu ya maji." Ulitueleza Wabelgiji waliiunda baada ya vita vya pili vya dunia: namna ya kujifunga waliiga kwa Wamarekani, ya kulishwa mkanda wa risasi kwa Wajerumani. "Mutoto wa baba wawili," ulisema, "njo maana hachoki kugomba."

Papa, Jumatatu walikuja wanaume, hawana sare. Wanataka niwachomee mguu wa chuma mbele ya boti yao ya mota. "Ni wa taa, fundi." Wakanipa kipande cha mbao walichokatia vipimo. Nikakipapasa, macho yakajifumba yenyewe. Matundu mawili ya pini, upana ule ule wa MAG, ile isiyo na kitako. Na wanataka bamba nene, mguu uzunguke kulia na kushoto.

"Taa gani hiyo inayopiga teke?" nikawatania.

Mmoja akaniuliza kama watoto wangu wangali wanasoma, akaitaja shule yao kwa jina.

Boti za kwenda Moba zinapita mbele yetu, zimejaa akina mama na unga wao. Hazina pa kujificha ziwani.

Watoto nimewapandisha treni, waende kwa shangazi yao kule Nyunzu. Mke wangu, Mama Feza, amekataa kuondoka. Anatwanga majani ya sombe kwa nguvu, haniangalii.

Wanakuja kesho asubuhi. Sijachomea kitu.

Pumzika, Papa. Nakuahidi, mguu ule hautatoka mikononi mwangu, hata kwa vitisho. Basi nikifika huko mapema kuliko tulivyopanga, tafadhali, usinigombeze mbele ya wageni.

Mwanafunzi wako,
Kisimba