Bima Ambayo Kitonga Aliiahirisha

S.L.P. 2086,
Machakos.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa kaka Mbithi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Unaendeleaje na joto la Doha? Nasikia miezi hii hata upepo wenyewe huko ni moto. Tafadhali kunywa maji, na usiendeshe lori ukiwa mgonjwa eti kwa sababu msimamizi amekasirika. Mgongo wako ulipona?

Sisi huku tunatetemeka. Ukungu unashuka kutoka milima ya Iveti na jua tunaliona mchana kabisa. Mama yetu, Mwaitu, hajambo, ila magoti yanamsumbua kwa baridi. Mbaazi zimebeba vizuri, mahindi ndiyo yametuvunja moyo. Mimi mwili hauna shida, lakini nimechoka, kaka. Ni uchovu ambao hata nikilala hauondoki.

Mwaitu aliniambia dada yetu Nzilani alikupigia simu akilia juu ya mumewe. Sijui alikueleza kiasi gani. Nimeona nikuandikie polepole, kwa sababu kwenye simu ningelia pia na hungeelewa kitu.

Unajua tangu nifungue hii afisi ya wakala wa bima, wateja wangu wengi ni wajenzi. Wengi hununua bima kwa sababu benki au mwenye ploti amewalazimisha, kisha karatasi inatupwa kwenye droo. Ndiyo maana mimi huwafuata huko huko kwenye mjengo, tunakaa juu ya mawe, nawasomea kwa Kikamba: hiki kimelindwa, hiki hakijalindwa. Wengine husikiliza. Wengine huangalia simu.

Shemeji yetu Kitonga alipopata kazi ya kujenga maduka ya ghorofa pale Muthetheni, alichukua bima ya mjengo kupitia kwangu. Nilienda kumweleza kama ninavyowaeleza wengine. Nikamwambia hii inalinda jengo, vifaa, na mali ya jirani ikiharibiwa. Watu wanaokufanyia kazi wana bima yao tofauti, na sheria inakudai uwe nayo, hata kwa kibarua wa siku moja.

Alicheka. "Loise, si hapa juu imeandikwa hatari zote? Zote ni zote."

Nikamwonyesha ukurasa wa ndani, mahali panaposema wafanyakazi wa mkandarasi hawamo. Alisoma, akasema ni kweli. Halafu akasema tungoje slabu ya kwanza, ile sakafu ya zege ya ghorofa, imwagwe, mwenye ploti amlipe, ndipo achukue hiyo ingine. Nilimwambia slabu ndiyo siku ya hatari zaidi. Nilirudi tena, nikampigia simu tena. Mwishowe akaacha kushika simu zangu.

Siku ya kumwaga slabu ilikuta mvua imenyesha usiku kucha. Udongo ulikuwa umelainika chini ya nguzo za mbao zinazoshikilia slabu. Asubuhi wakimwaga, upande mmoja ulizama, na zege yote ikaja chini pamoja na mama mmoja aliyekuwa juu akipitisha karai. Anaitwa Kaluki, mjane wa kutoka hapo karibu na soko. Alivunjika paja na nyonga. Kitonga mwenyewe alimbeba hadi kwenye pikapu na kumpeleka hospitali.

Siku chache baadaye Kitonga na Nzilani walikuja afisini kwangu na kufunga mlango. Kitonga hakuwa amenyoa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Niandikie ile bima ya wafanyakazi," alisema. "Weka tarehe ya mwezi uliopita. Ni wewe na mimi tu tutajua."

Nilimwambia siwezi. Wachunguzi wa kampuni wangeliona hilo, na Kaluki angeachwa mikono mitupu huku mimi na yeye tukipelekwa kortini. Nilimwambia pia kwamba sheria haijali kama alichukua bima au hakuchukua, huyo mama ni lazima yeye amlipe.

Nzilani ndiye aliyenijibu. "Wewe ni mtu wa kampuni ama ni dada yangu?"

Kaka, niliirudisha faili yao kabatini, nao wakatoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na kanisani anakaa upande ule mwingine.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Kampuni ilituma mtu wake, akakagua, ikakubali kulipia slabu iliyoanguka, kwa sababu hiyo ilikuwa ndani ya mkataba. Saruji ililipwa. Mfupa wa mtu haukulipwa. Ni mimi niliyempelekea Kitonga barua ya malipo hayo, na aliisoma akiwa amesimama, hakuniambia niketi.

Lakini hakukimbia, hilo lazima nimpe. Aliuza mashine yake ya kuchanganya zege, ile aliyojivunia sana, akaanza kulipa hospitali na kumpa Kaluki fidia kidogo kidogo. Siku hizi anakodisha mashine ya watu.

Nilienda kumwona Kaluki kwake. Anatembea kwa mkongojo, na daktari amesema kazi ya kubeba hataiweza tena. Nilianza kumweleza jinsi nilivyomwonya Kitonga, akanikatiza. "Huyo mtu alinishika mkono mpaka hospitali. Usinifanye nimchukie, nitabaki na nani?"

Jumamosi iliyopita niliita wajenzi kwenye ukumbi wa kanisa niwaelezee bima zao. Kitonga aliingia tukiwa tumeanza, akakaa nyuma kabisa. Sikumwalika. Kijana mmoja mkandarasi kutoka Kivaa akainua karatasi yake na kuuliza, kama hatari zote si zote, ni zipi. Kabla sijafungua mdomo Kitonga alisimama. Alisema, "Watu wako hawamo. Mimi nilidhani wamo, nikaonyeshwa, bado nikaahirisha." Akawasimulia yote, mpaka jina la Kaluki, sauti yake ikiwa chini sana. Watu wanne walibaki kuuliza bima ya wafanyakazi. Yeye alitoka bila kunisalimia.

Sikuandikii uamue nani alikosea. Nakuomba tu umpigie Nzilani, umsikilize, na umwambie mlango wangu uko wazi. Wewe hukuwepo hapa, labda atakusikia. Mimi sina nguvu ya kubisha kwake nikafukuzwa.

Nisalimie Jamal mnayekaa naye chumba kimoja. Mwaitu anakusalimu na kusema ule vizuri. Syombua wa shangazi anakusalimu pia, amejifungua salama. Mungu akulinde barabarani na akurudishe ukutane na sisi sote tukiketi upande mmoja.

Ni mimi dada yako ninayekupenda sana,

Loise