Choo Kilichogeuzwa Kitazame Mlima

Mpendwa Mshauri Kagwiria, naomba msaada, ingawa kwa kawaida hapa Wabera, Isiolo, mimi ndiye husaidia watu, shule niliachia Form Two lakini kwa mambo ya nyumba hakuna mtu ananiweza, video zote nimetazama. Sasa mathe yangu, Magdaline, nesi mstaafu, anauza nyumba yetu ndio anunue shamba Kinna karibu na dada yake, na mwenye shamba amempa mpaka mwisho wa mwezi, basi nikamwambia pumzika, hii nyumba nitaipandisha bei mimi. Nikaweka simba mbili za saruji mlangoni, nikatoa tangi la maji kwa sababu lilikuwa linaficha simba, halafu nikaingia chooni. Kile choo cha kukalia kilikuwa kimewekwa upande kama kimenuna, nikaamua kigeuzwe, na dirisha lipanuliwe, mtu akikaa aone Mlima Kenya. Fundi Mamo, mwenye alijenga hii nyumba, akasema, "Wacha vile kiko. Nilikiweka hivyo nikijua." Nikamwambia mzee, wewe shika saruji, mtindo niachie mimi. Akakunja kamba yake ya kupimia akaenda, nikatafuta fundi mwingine.

Jumamosi akaja mteja, Abdirashid, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Garbatulla, pamoja na bibi yake. Zile simba zangu walizipita kama mawe tu. Akafungua bomba, likakohoa. Akaingia chooni, akasimama, akatoka polepole akaniuliza, "Kijana, kibla iko wapi hapa?" Nikamwambia hiyo sijui, lakini ukikaa hapo mlima wote ni wako. Bibi yake akaziba mdomo na mtandio. Abdirashid akauliza tu nani alijenga nyumba mwanzo, akaaga. Mathe hajaniongelesha tangu siku hiyo. Nipunguze bei, ama niongeze simba ya tatu?

Mugendi, Wabera

Mugendi, pole nampa mama yako. Wewe subiri.

Umezaliwa Isiolo ama ulishushwa juzi? Wanunuzi wako wengi wanaswali, na anayeswali hakai chooni akiipa kibla uso wala mgongo. Ukitazama mlima, kibla iko nyuma yako. Fundi Mamo alilijua hilo akiwa na kamba tu, bila video. Na katika mji ambao bomba hukauka siku nne, mtu hanunui simba, ananunua tangi.

Lakini bahati yako imeizidi akili yako. Asiyetaka nyumba haulizi nani aliijenga. Kesho asubuhi nenda kwa Fundi Mamo, useme, "Mzee, nilikosea, naomba urudi," halafu unyamaze, najua hapo ndipo utaumia. Choo kirudi, tangi lirudi, dirisha lipunguzwe, kwa sababu wewe ukiona mlima, majirani wanakuona wewe. Kuta zipakwe nyeupe, basi. Simba uziondoe mwenyewe kwa mkokoteni, mchana, watu wakiona. Abdirashid apigiwe simu na mama yako.

Siku atakapokuja kutazama tena, wewe uwe Kinna ukimsalimia mama yako mdogo. Na ukikuta mfereji wake wa maji umepinda, Mugendi, usiunyooshe.