Kiunzi cha Bure

Jumanne, Dodoma

Cha bure, eti. Mgeni kutoka Dar kaja ofisini na CD, akamgawia kila mmoja wetu. Ndani kuna kiunzi, yaani mifupa iliyo tayari ya kutengenezea programu za tovuti, na yeyote ana ruhusa ya kukifungua, kukisoma na kukibadilisha.

Mtu hasafiri mpaka huku kugawa kitu bure. Nikamuuliza yeye anapata nini. "Kaka, mkikitumia wengi, siku nikikwama nitakuwa na wa kuwauliza." Jibu zuri mno. Sikulipenda.

Neema, aliyeajiriwa juzi tu, kufika saa tisa alishatengeneza kwa kiunzi hicho ukurasa wa kusajili barua. Wa kwangu ulinichukua miezi minne. Bosi alisimama nyuma yake akiangalia.

Kisha mgeni akaniomba, kwa upole kabisa, nifungue programu yangu ya masjala tuone namna ya kuihamishia huko. Nikasema kompyuta yenye programu hiyo imegoma kuwaka. Ilikuwa inawaka tangu asubuhi, feni yake inavuma miguuni pangu. Neema aliisikia. Alinitazama, akainamisha kichwa.

Mwaka wa tatu huu bosi ananinyima likizo, kwa sababu programu ile naijua mimi peke yangu. Mama yuko Kongwa, kila Jumapili anapiga simu kuuliza naenda lini, nami namjibu kwamba wamenibana kazini.

Leo kaja mtu wa kunitoa hapo, nikamdanganya. Jumapili mama akiuliza, sijui nitasema nani kanibana.