Makaa Kwenye Ganda la Yai

Mama,

Sauti ile bado ninayo. Tk. Kimya. Halafu tk tena. Ulikuwa umechuchumaa kando ya mafiga, umetoa yai chini ya kuku na kuniwekea sikioni, nami nikazuia pumzi. "Anabisha hodi," ulisema, "lakini usimfungulie. Mlango ni wake." Ganda lilikuwa na joto kama shavu la mtu aliyelala, na alama yako ya makaa iliniachia weusi sikioni. Kila yai ulilolichagua ulilitia alama hiyo, ili kuku wengine wakitaga juu yake usiyachanganye.

Tangu tukuzike, mvua haijapumzika Nyeri. Baba ananiandikia kwamba mlima hauonekani, kwamba kuku wako wanamfuata hadi kwenye mibuni ya kahawa, na kwamba anakosha kikombe chako kila asubuhi ingawa hakuna aliyekitumia.

Kikapu chako cha mwisho kilinifikia Nairobi kabla ya habari. Kondakta wa basi alinikabidhi kwa utani wake wa kawaida: "Daktari wa mayai, mzigo wako huu." Yalikuwa yamelala katika makapi ya mpunga wa Mwea, hakuna lililopasuka. Niliyahifadhi mahali pa baridi, nikaja kukuzika. Mikono yako ilikuwa bado iko ndani ya kikapu kile, Mama, namna yalivyopangwa, na wewe hukuwapo.

Unakumbuka siku tukichambua maharagwe, uliponiuliza ninasomea nini hasa? Nilikwambia kuku huanza akiwa utando mwembamba juu ya kiini cha yai. Seli zake hushikana na kuvutana mpaka utando unajikunja, kingo mbili zinainuka, zinakutana, zinakuwa mrija. Na mrija huo ndio ubongo na uti wa mgongo wa kesho. Nikakwambia mimi hutoboa dirisha kwenye ganda, nikaukata utando kwa sindano, na jinsi mpasuko unavyoachama ndivyo ninavyojua seli zilikuwa zikivutana kwa nguvu gani.

"Ati unamkata ili ujue anavyojivuta," ulisema, ukatupa harage bovu. "Na ukishamwona, Mama, unamfunga tena?"

Uliniita Mama, kama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yako. Nilicheka. Nikasema hafungwi, akishakatwa kazi imekwisha. Wewe uliendelea kuchambua.

Niliporudi maabara niliyatia mayai yako kwenye kiangulio. Profesa anayenisimamia alikuwa akiyasubiri. Ya kununua yalikuwa yakiharibika, na bila vipimo vya msimu huu singemaliza shahada mwaka huu. Nilifungua la kwanza. Chini ya hadubini kingo zilikuwa zinainuka, polepole mno, kama mtu anayejivutia shuka usingizini. Sindano ilikuwa mkononi. Nilitazama, nikatazama, nikawa kama niliyekaa kitandani pako nikihakikisha unapumua.

Kisha nikaona kidole changu ni cheusi. Makaa yako.

Nilikwenda kutafuta kipande cha makaa, nikakisaga laini kama vumbi, nikadondosha chembe chache juu ya utando kwa ncha ya unywele. Zilielea pale kama nyota zilizokosea rangi. Baada ya muda zilikuwa zimesogea, zikikaribiana pale utando ulipojikunja. Nilichora njia ya kila moja. Halafu nikayeyusha nta, nikaziba dirisha, nikalirudisha yai kwenye joto.

Profesa hakufurahi. "Chembe zitakuonyesha zinakokwenda," alisema, "hazitakwambia nguvu inayozivuta. Swali lako linabaki bila jibu." Na ni kweli.

Nilifanya hivyo kwa mayai yote. Mengi yalioza chini ya nta, sitakuficha. Moja halikuoza. Asubuhi moja niliweka sikio. Tk. Nikakaa sakafuni, koti jeupe na yote, nikalia. Kimya. Tk. Mkono wangu ulitaka sana kumsaidia. Sikumfungulia.

Alitoka mwenyewe, na sasa yuko nyumbani. Baba amemwingiza chini ya kuku wako mwekundu, na anasema ana kelele kuliko wote.

Pumzika, Mama. Udongo wa kwetu ni mwekundu na mwororo, ukushike vizuri. Nitakuja wakati wa kuchuma kahawa nimsaidie Baba, na kikombe chako nitakinywea mimi, kisikoshwe bure.

Swali la zamani nimelifuta. Jana nilimpa profesa jipya: seli zinakwenda wapi, kila moja, mpaka zikutane. Amesema nitachelewa mwaka mzima. Nimetia sahihi fomu ya kuongeza mwaka, na sindano nimezirudisha stoo. Ninamfunga tena, Mama.

Mama yako wa jina,
Nyaguthii