Hodi ya Darasa la Chekechea

Kibokoni, Mombasa
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mpendwa Dada Mwanaesha,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Doha? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi, lakini bado hakubali kushikwa mkono. Mwanao Shifa hajambo. Sasa avaa viatu vyake mwenyewe, japo cha kushoto mara nyingi huenda kulia.

Uliniagiza nimtazamie skuli ya serikali aanze chekechea Januari. Ile ya Ganjoni niliiacha, kwa kuwa njia yake ina malori ya bandarini. Alhamisi nilimchukua Shifa tukaenda hii ya karibu na nyumbani. Jioni yake niliandika kila kitu katika daftari langu, kwa hivyo sikuhadithii kwa kubahatisha.

Skuli ni nzuri, Dada. Vyoo ni visafi na vina maji. Uwanja una kivuli, na lango lina bawabu asiyeruhusu mtoto kutoka bila mtu wake. Mwalimu wa chekechea, Bi Dama, ni mpole na anawajua watoto wote kwa majina. Nilikuwa karibu kukubali papo hapo.

Watoto walikuwa nje wakinywa uji. Bi Dama akamtia Shifa katika safu yao apate kuzoea, nami nikatangulia darasani kutazama madirisha na madawati. Chumba ni cha kizamani, kina mlango mmoja tu, mzito. Nilikuwa peke yangu ndani. Nilihakikisha.

Mara nikasikia watoto wote mlangoni: "Hodi!"

Nikajibu kama ambavyo ungejibu wewe: "Karibuni, karibuni!"

Hakuingia hata mmoja. Walisimama kizingitini wakinitazama. Mmoja akacheka, "Huyu mgeni hajui!"

"Hapa hatujibu sisi, mjomba," Bi Dama akaniambia taratibu.

"Basi nani ajibu?"

"Wewe ngoja tu."

Nikangoja. Palikuwa kimya hata feni ya ofisini niliisikia. Kisha watoto wote wakasema kwa pamoja, "Ahsante," wakaingia na kuketi. Shifa naye alisema, Dada. Alisema pamoja nao, hakuchelewa kama mtu anayeiga.

Nilipomuuliza Bi Dama, alisema aliyakuta hayo alipohamishiwa pale. Siku moja aliwaingiza bila kungoja. Watoto walikaa mpaka mchana wakitazama mlango, hawakula wala hawakulia. Tangu hapo huwaacha wangoje. "Hakuna aliyedhurika," akaniambia, kisha akaanza kugawa kalamu za rangi.

Njiani nilimuuliza Shifa amesikia nini. Akajibu kama mtu anayeulizwa jambo la kawaida: "Bibi wa mle ndani alisema tuingie. Akauliza kwa nini wewe mjomba umejibu, na si kwako."

Nilikata shauri kukuandikia tutafute skuli nyingine. Sikumwambia mtu, hata Mama.

Lakini jana baada ya magharibi nilikuwa chumbani kwangu, na mlango umerudishwa. Shifa akapiga hodi. Nikamwambia, "Karibu, mwanangu." Hakuingia. Nikaona vidole vya miguu yake chini ya mlango, vimetulia. Nikarudia, "Ingia, Shifa." Vidole havikusogea. Nilikuwa nimekaa kitandani na chumba kizima kiko nyuma yangu, wala sikugeuka.

Kisha akasema, "Ahsante," akaingia.

Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, maana mwalimu mkuu anataka jibu Ijumaa. Sasa sijui kumpeleka kwingine kutafaa nini. Wewe ndiwe mamake. Nipigie simu ukipata nafasi, lakini nipigie kazini, usipige nyumbani.

Mama anakusalimu sana, anataka picha yako mpya. Ami Abdulhalim anakusalimu, na Bi Mejumaa wa ghorofa ya chini anasema usisahau ubani aliokuagiza. Shifa yuko hapa ubavuni pangu, anabusu mkono wako. Nimemsomea majina ya wote wanaokusalimu. Anasema nimemsahau mmoja.

Mungu akulinde huko uliko, na akulindie kilicho chako huku.

Nduguyo akupendaye siku zote,
Mzamil